Kwanza Mlinzi

12 Januari

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umekunja uso kwa sababu nimechelewa kuandika, basi ukunjue, uso wako mzuri hauna kosa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Goti bado linamsumbua, na bado hataki kusikia habari ya fimbo, anasema fimbo ni ya wazee. Nguo ulizoziacha amezikunja kabatini. Kila baada ya muda anazitoa, anazikung'uta, anazirudisha. Ukimuuliza anasema ni kwa ajili ya nondo.

Mama wa maktaba alituonya tusiandike jina la mtu wala la mtaa, nami nimeshika. Barua naziweka ndani ya kitabu ninachorudisha, yeye anakipokea bila hata kunitazama usoni, kisha sijui zinapita wapi. Mwanzoni niliona ni mambo ya sinema. Halafu nikakumbuka jinsi simu yako ilivyomfikisha Baba Mdogo mlangoni pale ulipojificha, ile mara ya kwanza ulipomtoroka, nikatii.

Baba Mdogo huja kila Jumapili. Anavua viatu mlangoni, anamletea Mama matunda, juzi ametengeneza komeo la mlango wa nyuma bila kuombwa. Akishamaliza chai anauliza, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, "Hamjasikia habari zake?" Mama anasema hatujasikia. Mimi nasema hatujasikia. Anatikisa kichwa, anatabasamu, anaaga. Laiti nisingeiona shingo yako siku ile uliyokuja kwetu Novemba, ningeapa kuwa sisi ndio wabaya.

Sasa nikupe la kufurahisha. Kazini nimepewa kazi iliyonivimbisha kichwa. Zile kliniki zenye milango ya kijani, ambazo ziko kila mji, sisi ndio tunaotengeneza programu wanayotumia, kuanzia mapokezi hadi ghala la dawa. Kila mgonjwa ana jalada lake ndani ya kompyuta, na majalada yote yametokana na kiolezo kimoja tunachokiita klasi. Klasi zingine zinarithi kwake kama watoto kwa mama. Ndani yake kuna funksheni ndogo yenye kazi moja tu: ukiiuliza, inakupa anwani ya mgonjwa.

Wapo wagonjwa ambao anwani zao hazitakiwi kuonwa na kila mtu. Ni kwa ajili yao nimepewa kazi ya dekoreta. Jina lake maana yake ni vipambo, lakini havipambi chochote. Kila dekoreta huizunguka funksheni kama koti, na anayetaka kufika ndani sharti apite kwake. Nimeweka tatu. Kuna mlinzi, anayeangalia kama anayeuliza ameruhusiwa. Kuna karani, anayeandika nani ameuliza akajibiwa. Na kuna mmoja tunamwita Kichwa, kwa sababu hasahau: swali likishajibiwa mara moja, analishika jibu hadi jioni na kulitoa mwenyewe, ili kompyuta isichoke kutafuta kile kile. Mkuu wangu alinipa agizo la mstari mmoja: "Kwanza mlinzi, halafu karani, mwisho Kichwa." Nimefanya hivyo hivyo, nimeijaribu, imepita, na wenzangu wamenipigia makofi.

Nakuambia haya kwa sababu nakujua. Ukiumwa utajifungia ndani na kumeza vidonge vya kubahatisha. Usifanye hivyo. Nenda kwenye mlango wa kijani wowote, sema unataka jalada la faragha. Hata mimi niliyeiandika siwezi kuiona anwani yako.

Wako akupendaye,
Miwani

9 Februari

Miwani, mwanangu,

Marahaba. Uso nimeukunjua, ingawa huku nilipo hakuna wa kuuona. Mwambie dada fimbo si ya wazee, ni ya watu wanaotaka kufika. Na nguo azigawe. Akikataa, usimlazimishe.

Nina chumba chenye kitanda, meza, na jiko dogo pembeni. Dirisha la jikoni linatazamana na ukuta wa jirani, na hilo ndilo nililolipendea: hakuna anayeweza kusimama upande wa pili akanitazama. Bomba hukohoa kabla ya kutoa maji. Kazi nimepata kwenye dobi kubwa, napiga pasi shuka za hoteli. Sasa mimi ni bingwa wa kunyoosha shuka nisizozilalia. Wenzangu ni wacheshi, wanaimba, wananiita Bubu kwa sababu sisemi natoka wapi. Nimelizoea. Bubu haulizwi sana.

Barabarani siangalii nyuso. Naangalia viatu. Uso mtu anaweza kuuficha kwa kofia au miwani, lakini viatu vyake vyote navijua, mimi ndiye niliyekuwa nikivisafisha. Juzi nimeona jozi moja ya kahawia, imelika kisigino upande wa nje, nikaingia dukani bila kujua ni duka la nini. Lilikuwa la misumari. Nikanunua misumari. Sasa ninayo ya kutosha kujenga banda.

Makoti yako matatu nimeyasoma mara mbili. Nilichoelewa ni kwamba mlinzi yuko mlangoni, na kwamba mlinzi huyo ni wewe kwa namna fulani, na usiku huo nimelala hadi asubuhi. Ushauri wako nimeufuata. Nilikwenda kwenye mlango wa kijani, nikasema lile neno, faragha. Binti wa mapokezi akabonyeza, akasema, "Mama, tayari, umefichwa." Ningeweza kumkumbatia.

Usiulize naumwa nini. Si kitu.

Yeye akija, kuleni matunda yake. Msimwonyeshe kitu. Akiona chuki atajua mnajua.

Mama yako mdogo

2 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hatujambo wote. Mama amekubali fimbo, ila anaiita mwavuli.

Barua hii itakuwa fupi, kazi zimenibana. Naomba unijibu mambo machache na usinune. Unakwenda kliniki siku gani? Umekwenda mara ngapi? Pale dobini au nyumbani, hajaja mtu yeyote usiyemjua, hata fundi, hata muuza sabuni?

Na kama si kitu kama ulivyosema, basi usiende kwanza. Ngoja nikuambie lini uende. Ni mambo ya kazini tu, wanabadilisha badilisha programu, majalada yanaweza kuvurugika.

Baba Mdogo amepata kazi mpya. Ameacha udereva. Sasa yuko kwenye ghala la dawa, lile linalohudumia milango ya kijani, amewekwa dawati la oda, na ana kompyuta yake. Alituambia Jumapili akiwa amevaa kitambulisho shingoni, kipya, bado kina ile nailoni juu. Alinigonga bega akasema, "Sasa sisi ni wafanyakazi wenza, mwanangu. Ukikwama uniite." Mama alicheka. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba nisikie maji.

Kisha akauliza swali lake. Tukajibu jibu letu.

Nijibu haraka, tafadhali.

Miwani

25 Machi

Miwani,

Marahaba. Msalimie dada na mwavuli wake.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, na nimelala, na kila nikiisoma inanitisha zaidi. Unaniambia nisiende, husemi kwa nini. Unaniambia yeye yuko ghalani kwenu, kisha unaniambia ulifungua bomba. Mimi nimeishi na mtu anayeng'ata na kupuliza, najua mtu anapozunguka neno. Wewe unazunguka.

Unataka kujua siku ninayokwenda kliniki. Unajua ni nani mwingine aliyekuwa akitaka kujua siku zangu? Natoka saa ngapi, narudi saa ngapi, nilipita njia ipi. Siku yangu sikuambii. Si kwamba sikuamini. Mkono wangu tu unakataa kuiandika.

Na kutokwenda siwezi. Haya, nitakuambia nilichokuficha. Nina mimba. Niliondoka kwake nayo bila kujua, nimeijua huku. Miguu imevimba, presha inapanda, muuguzi amesema nikikosa kupimwa naweza kuanguka nikiwa na pasi mkononi. Kwa hiyo nilikwenda baada ya barua yako, na nitakwenda tena.

Sikutaka ujue kwa sababu nyinyi wawili mnakaa naye meza moja kila Jumapili. Dada hajui kuficha furaha. Angejua kuna mtoto, angeanza kufuma, na yeye angeuona uzi. Usimwambie.

Yeye akijua hataniacha. Mimi alikuwa tayari kunisamehe, ndivyo alivyokuwa akisema, atanisamehe akinipata. Lakini mtoto atamwona ni mali yake iliyoibwa. Naogopa, Miwani. Kila nikihisi mtoto anapiga teke, nafurahi, kisha naogopa kwa sababu nimefurahi.

Sema unachokijua. Chote. Bora nikasirike nikiwa na habari kuliko kutetemeka bila habari.

Mama yako mdogo

14 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo. Sijamwambia. Nimekaa naye nikimtazama akikung'uta nguo zako, ulimi unaniwasha, sijamwambia.

Nasema sasa, na ninasema yote.

Unakumbuka agizo la mkuu wangu: kwanza mlinzi. Mimi kwa neno "kwanza" nilielewa anayevalishwa kwanza. Kompyuta huvalisha kuanzia chini, kama mtu anavyoanza na shati la ndani: dekoreta iliyo karibu na funksheni ndiyo inayovishwa kwanza, halafu inayofuata juu yake, halafu ya mwisho nje kabisa. Kwa hiyo mlinzi nilimvisha kwanza. Karani nikamweka juu yake. Kichwa nikamweka nje.

Mkuu alimaanisha wa kwanza kukutana na anayeuliza. Na anayekuja kuuliza hakutani na shati la ndani, anakutana na koti.

Mama Mdogo, mlangoni niliweka asiyesahau, na mlinzi nikamfungia ndani. Mtu asiyeruhusiwa akiuliza asubuhi, Kichwa hana jibu, anampeleka ndani, mlinzi anamkatalia. Vizuri. Lakini muuguzi wako akishafungua jalada lako, anaruhusiwa, anapewa anwani, na Kichwa analishika lile jibu. Hashiki nani ameuliza, anashika jibu tu. Kuanzia hapo hadi jioni, yeyote atakayeuliza atapewa pale pale mlangoni, mlinzi hana habari. Na kwa kuwa klasi zote zimerithi, ni hivyo hivyo kwenye kila kliniki, na ghalani.

Nilipoijaribu nilianza na asiyeruhusiwa, akakataliwa, nikafurahi. Kisha anayeruhusiwa, akapewa, nikafurahi tena. Sikumrudia yule asiyeruhusiwa. Ningemrudia tu mara moja, ningeona.

Mwishoni mwa Februari mtu wa mapokezi wa kliniki moja alituambia ameona anwani iliyofichwa. Nikafungua nilichokiandika, nikasoma mistari ile mitatu, nikaliona kosa langu. Nilimwendea mkuu. Akasema tusizue taharuki, tutarekebisha kwenye toleo lijalo, na kwamba jambo hili lisitoke nje ya chumba. Hiyo ndiyo barua uliyoipata, ile ya kuzunguka. Nilikuwa najua kila kitu nilipokuwa nikiiandika. Nilijipa moyo kwamba pengine umekwenda mara moja tu. Nilijipa moyo, Mama Mdogo, kwa gharama yako.

Ulipokataa kuniambia siku yako, nilifanya jambo baya. Nilichukua akaunti ya majaribio ya dawati la oda, sawa kabisa na aliyo nayo yeye, nikaanza kuuliza anwani yako kila mchana. Nikakataliwa. Kesho yake nikakataliwa. Alhamisi jibu likaja. Mtaa, nyumba, mlango. Nilifunika kioo kwa mkono kama mtu aliyemkuta mama yake bafuni, lakini nilikuwa nimeshasoma.

Nikakimbilia maandishi ya karani kuona nani mwingine aliyewahi kujibiwa. Muuguzi tu. Moyo ukataka kutulia. Kisha nikaona kuwa hata mimi simo, na nilikuwa nimetoka kujibiwa dakika ile ile. Karani naye yuko ndani na mlinzi. Anayejibiwa mlangoni haandikwi popote. Karatasi ni safi, na usafi huo hauna maana yoyote. Sitajua kamwe kama aliuliza.

Nimebadilisha mpangilio siku ile ile bila ruhusa ya mtu. Mlinzi yuko nje sasa. Mkuu ameniambia nisubiri barua ya nidhamu. Nasubiri.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo. Jumapili amekuja. Amevua viatu, ameleta matunda, amekunywa chai, amemtania Mama na mwavuli wake. Nilikaa nikisubiri swali. Alisimama, akavaa viatu, akaaga, akaondoka.

Hakuuliza.

Tangu Novemba hajawahi kukosa kuuliza. Mama alisema, "Maskini, ameanza kumsahau mdogo wangu." Mimi nilijua si hivyo. Mtu haachi kuuliza kwa sababu amesahau. Anaacha akishapata jibu.

Leo maktaba ilipofunguliwa tu nimetoka mbio hadi pale, nimesema mbele ya watu, sikujali kitabu wala nini. Mama wa maktaba amempigia mwenye nyumba wako mbele yangu. Simu imeita hadi ikakata. Amepiga tena. Amechukua mkoba wake, amewatoa watu waliokuwa kati ya rafu za vitabu wakishangaa, amefunga maktaba, amesema anakuja mwenyewe. Nilitaka kumfuata. Amenisukuma kifuani kwa kiganja. Amesema, "Wewe ndiye unayefuatwa." Namalizia barua hii kando ya gari lake, nampa sasa hivi. Kama unaisoma, ameshafika. Usikae kuimaliza. Ondoka hapo.

Miwani

5 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijui kama ipo ya kuitikia.

Maktaba imefunguliwa tena, lakini dawatini yupo kijana wa muda. Nimemuuliza, anasema yule mama yuko likizo. Naweka barua hii ndani ya kitabu hata hivyo. Nimechagua kitabu cha ufugaji wa nyuki, ambacho naona hakijaazimwa na mtu.

Mama namwona ananitazama. Ameshajua kuna jambo, haulizi. Jana alinimegea nusu ya mkate wake kama nilipokuwa mdogo nikiwa na homa.

Jumapili mbili zilizofuata baada ya ile, hakuja. Mama aliweka kikombe chake mezani, kikakaa hadi jioni. Nilikuwa nikikitazama kile kikombe nikiona vitu nisivyoweza kuviandika. Kazini nilipita karibu na ghala, nikaambiwa ameomba ruhusa, ana msiba wa jamaa. Sisi ndio jamaa zake.

Jumapili hii amekuja. Amefungwa bandeji mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi kiwiko. Amesema boksi la chupa lilimwangukia ghalani. Mama akampa pole, akamkatia tunda. Niliukazia macho ule mkono nikashindwa kuyatoa. Nikajiambia, sasa nimeshajua, sasa niambiwe tu. Akanywa chai kwa mkono wa kushoto. Akaweka kikombe chini. Akaniangalia mimi, si Mama, mimi, na hakutabasamu.

"Hamjasikia habari zake?"

Mama Mdogo, sikuwahi kufikiri swali lile lingenifanya nitake kulia kwa furaha. Anauliza. Maana yake hana jibu. Nikamwambia hatujasikia, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli tupu, naye akaniangalia kwa muda mrefu, akijua kuwa ni kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha.

Alipoondoka nilimwambia Mama asimfungulie tena. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda akatia komeo lile alilolitengeneza yeye, akakaa kwenye kiti, akasema, "Mdogo wangu yuko hai?" Nikasema nadhani yuko hai. Tukalia, tukapika.

Nami sitamwita Baba Mdogo tena, wala kwenye barua.

Lakini furaha haikai. Nikilala nafikiri: pengine anauliza kwa sababu ameshajifunza kwamba akiacha kuuliza natambua. Nijulishe. Neno moja. Nukta tu kwenye karatasi, nitaielewa.

Miwani

30 Julai

Miwani, mwanangu,

Marahaba. Ipo ya kuitikia.

Najua nimekaa kimya muda mrefu kuliko mlivyostahili. Barua yako ya nyuki nimeipata, na ile iliyotangulia niliisoma kwenye kiti cha gari nikiwa na mfuko mmoja na sahani mbili, sijui kwa nini nilibeba sahani. Mama wa maktaba aligonga, akasema neno moja, nikatoka na kandambili. Hata pasi niliiacha ikiwa imechomekwa.

Alirudi siku chache baadaye kunichukulia vitu. Kioo cha dirisha la jikoni, lile linalotazamana na ukuta, kilikuwa kimevunjwa kutoka nje. Kulikuwa na damu kwenye sinki. Mwenye nyumba alisema labda ni watoto na mpira. Kupenya pale kati ya kuta mbili, mtu mzima lazima aende kwa ubavu. Nilichukua chumba kile kwa sababu ya dirisha lile. Ndiyo nimekuambia, sasa tusilirudie.

Nimesikia kazi umeachishwa. Pole. Kuhusu kosa lako, nimekasirika kweli, wiki nzima nilikuwa nakugombeza peke yangu nikiosha vyombo. Ningesema sijakasirika ungejua nakupaka mafuta. Kisha nilichoka. Ulielewa neno vibaya. Ukaficha, na hilo ndilo baya zaidi. Halafu ukakimbia barabarani kunisemea mbele ya watu. Yote matatu ni wewe, nakupenda kwa yote.

Sasa nisikilize, na usilie ukiwa umesimama, kaa.

Hii ni barua ya mwisho. Hakuna tena kitabu, hakuna maktaba. Mama wa maktaba naye ameondoka hapo, msimtafute. Nilipo sasa hujui, na safari hii hata kompyuta hazijui. Nimeondoa kila anayejua, na wewe umo. Si adhabu. Najua ungekufa kabla ya kusema. Lakini ulisoma anwani yangu bila kutaka, ukawa unatembea nayo kichwani, unakaa naye mezani ukiwa nayo, naye anakutazama usoni. Nikifikiria zile Jumapili naogopa, na si kwa ajili yangu. Usichokuwa nacho hakuna wa kukunyang'anya.

Dada umwambie yote sasa. Mwambie afume akitaka, avae mwenyewe.

Mtoto amezaliwa. Ni mzima, nami ni mzima. Sitakuambia siku. Jina sitakuambia, wala kama ni wa kike au wa kiume. Nimekaa na kalamu hapa muda mrefu nikitafuta kitu kimoja tu ninachoweza kukupa, kitu ambacho mtu hawezi kukifuata kikamfikisha popote.

Ana masikio ya dada yangu. Yale yale, yaliyosimama.

Basi. Nimeshasema mengi mno.

Mama yako mdogo